Kabla ya Kupaka Rangi

Wasomaji wenzangu, mtu akitaka kujua ni nini kilichopita katika barabara ya kijiji fulani mwaka fulani, anaweza kwenda kupekua mafaili ya wilaya, kama mafaili yenyewe bado yapo na panya hawajayawahi. Lakini iko njia nyingine ambayo haitumiki sana. Awaulize waliokuwa watoto mwaka ule walikuwa wakiunda magari ya aina gani.

Hili si jambo la mzaha. Watoto wengi wa kwetu hawanunuliwi gari la kuchezea dukani. Wanaliunda wenyewe kwa waya, makopo, vizibo vya soda na soli za ndala zilizokatika. Na kwa kuwa wanaliunda wenyewe, wanaunda walichokiona, tena walichokitazama kwa makini mpaka wakahesabu magurudumu. Pita leo barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo, utawaona watoto wanasukuma magari ya waya yenye tela ndefu, maana kinachopita pale usiku na mchana ni malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Waliokuwa watoto mwaka 1979 watakuambia wao waliunda vifaru kwa magogo ya migomba, mzinga ukiwa ni kijiti cha mtama. Na waliokuwa watoto Ngara mwaka 1994 watakusimulia magari meupe yenye antena ndefu kama fimbo ya kuvulia samaki.

Makala hii inahusu gari moja la namna hiyo. Ni kubwa kuliko kawaida ya magari ya kuchezea, ni la kivita, liliharibika vibaya, na tulilikarabati. Ila hasa inahusu swali lililotukuta katikati ya kazi: hivi ukikarabati kitu cha zamani, unakirudisha kwenye siku ipi?

Kwanza gari lenyewe. Lina urefu wa mita moja na ushee, na upana wa kama nusu ya hapo. Fremu yake ni ya mbao, na mwili wake ni wa makopo ya mafuta ya kula ya lita 4, yaliyopasuliwa, yakanyooshwa, yakaunganishwa kwa kukunja kingo na kugongelea misumari midogo. Maandishi ya makopo yamegeuziwa ndani, kwa hiyo mpaka uchungulie ndipo uyaone. Pua yake imechongoka kama ya mtumbwi. Ubavuni lina vidirisha vyembamba, kama macho ya mtu anayechungulia kwenye ufa. Hakuna lori la mizigo lenye madirisha ya hivyo. Juu ya paa kuna tundu la mviringo linaloingia kidole gumba, na ukingo wake umechanika, kama kwamba kitu kilichokuwa kimesimama hapo kiling'olewa.

Gari hili liko kwa mjomba wangu, Kasulo, si mbali na njia panda ya Benaco. Kwa miaka mingi lilikaa kwenye banda la nyuma, mpaka masika moja banda likaanguka juu yake. Paa la gari likabonyea, ubavu wa kushoto ukakunjamana, na maji yakalala ndani msimu mzima. Magurudumu yalibaki mawili. Mjomba alipolitoa akasema litengenezwe, liwe jipya, lipakwe rangi ya kijani ya jeshi, liwekwe sebuleni.

Sasa, kabla sijaendelea na habari ya rangi, lazima nieleze lilikotoka, maana msomaji aliyezaliwa juzi huenda hajui Benaco ilikuwa nini.

Jina lenyewe si la Kihangaza wala la Kishubi. Ni la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyokuwa na kambi yake pale wakati wa kujenga barabara. Kampuni ikaondoka, jina likabaki. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Wilaya nzima ya Ngara haikuwa na wakazi wengi kiasi hicho. Katika umati ule walikuwamo waliokimbia vita, na walikuwamo pia waliokuwa wametoka kuua majirani zao. Mapanga yalirundikwa mpakani kama kuni. Basi ikazaliwa kambi ya Benaco, kisha Lumasi, Musuhura na nyinginezo. Warundi nao walikuwa wamekwisha kuanza kuja, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Wengi wao baadaye wakawa Lukole.

Mji mzima wa watu hula nini? Walipewa mahindi, maharage na mafuta. Mafuta yalikuja katika makopo ya lita 4 yenye chapa ya Marekani, na kwenye kopo iliandikwa kwa Kiingereza kwamba kilichomo hakiuzwi wala hakibadilishwi. Lakini kopo likiisha mafuta linakuwa mali ya aliyelishika. Lilitumika kuchotea maji na kupimia unga. Likapasuliwa kuwa mlango, kiraka cha paa, jiko la mkaa, kibatari. Na watoto wakaunda magari.

Bibi yangu, mama yake mjomba, ndiye aliyelipata gari hili. Anasema aliletewa na kijana wa miaka kama kumi na mitatu, mwaka mmoja kabla Wanyarwanda hawajarudishwa kwao. Walielewana bila mkalimani, maana Kihangaza na Kinyarwanda si lugha za mbali. Kijana alikuwa amechoka na unga wa mahindi, alitaka ndizi za kupeleka kwa mama yake aliyekuwa mgonjwa. Bibi akampa mkungu mmoja na mihogo, naye mjomba, aliyekuwa na umri wa miaka kumi hivi, akapata gari. Kwa hiyo kopo lililoandikwa kwamba hakuna kubadilishana, mwisho wake lilibadilishwa kwa ndizi za Kasulo. Jina la kijana bibi hakuliuliza. Siku zile watu walikuja mlangoni mia kwa siku, nani angeuliza majina?

Tarehe 5 Desemba 1996 lilitoka tangazo, la serikali pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kwamba Wanyarwanda wote waliokuwa Tanzania warudi kwao ifikapo mwisho wa mwezi. Wengi kwanza walijaribu kukimbilia mashariki, ndani zaidi ya nchi. Jeshi likawageuza. Kabla mwaka haujaisha barabara ya Rusumo ilijaa tena, safari hii watu wakielekea upande wa pili. Kijana wetu, kama alikuwa hai, alikuwa katika msafara ule.

Turudi kwenye karakana. Fundi tuliyempelekea ni fundi bati wa Biharamulo mjini, mzee anayetengeneza vibatari, majiko na ndoo za kumwagilia bustani. Tulilifunga gari kwenye gunia tukapanda nalo basi kupitia Lusahunga, njia ambayo miaka ya 1990 mabasi yaliipita kwa kusindikizwa na askari wenye bunduki kwa ajili ya majambazi wa msituni. Mzee alilitazama kwa muda, akaligeuza chali, akasema, "Aliyelitengeneza hili alikuwa na kisu kimoja na msumari. Hakuwa na mkasi." Alijuaje? Kingo zote zilikuwa na meno madogo madogo, kama kopo lililofunguliwa kwa kisu.

Hapo nilijifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye kitu cha zamani cha bati alijue. Kopo ni chuma chembamba kilichopakwa madini ya bati. Mabati ya nyumba nayo ni chuma, ila yamepakwa zinki. Tofauti yake ni kubwa. Zinki ikikwaruzwa, huendelea kukilinda chuma kwa kukubali kuliwa yenyewe kwanza. Bati likikwaruzwa, mambo ni kinyume: chuma kilichoachwa wazi ndicho kinacholiwa, tena haraka. Ndiyo maana kutu ya gari hili ilianzia kwenye kingo zile za kisu na kwenye matundu ya misumari. Na ndiyo maana mzee alikataa katakata kutumia msasa. Msasa unaondoa kutu, lakini unaondoa na bati, na rangi ya zamani, na kila alama iliyowekwa na mkono wa mtu. Alitumia brashi laini, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akakausha kwa kitambaa, akapaka mafuta mepesi pale tu penye kutu.

Kunyoosha nako kuna ustadi wake. Ukigonga bati jembamba kwa nyundo ya chuma juu ya chuma, linatanuka, na likitanuka halirudi. Mzee aliweka mfuko wa mchanga chini, akasukuma kutoka ndani kwa kipande cha mbao, kidogo kidogo, siku mbili nzima. Palipopasuka akatia lehemu. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye joto lisilofika nyuzi 200, kwa hiyo chuma kilichopashwa kwenye jiko la mkaa kinatosha. Asidi ya kusafishia aliiosha baadaye kwa maji na magadi, maana ikibaki inaendelea kula kimyakimya. Akatuonya pia kwamba lehemu ya risasi si ya kushikwashikwa na watoto wanaotia vidole mdomoni.

Sasa katika kusafisha ndipo yalipotokea mambo mawili. La kwanza, chini ya masizi na udongo mwekundu ilitokea rangi nyeupe. Si nyingi, mabaka tu, imechakaa kama chokaa ya ukuta wa zamani, lakini ilikuwa imepakwa kwa makusudi mpaka ndani ya mikunjo. La pili, tulipoondoa tope lililogandamana pembeni, tulikuta matundu ya ekseli manne kila upande. Gari lilikuwa na magurudumu manane.

Mjomba hakupenda habari hii, na lazima nimtendee haki, kwa sababu kijani chake hakikutoka hewani. Babu alikuwa mgambo. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini na kulitwaa eneo la kaskazini ya mto Kagera, na siku chache baadaye wakalivunja daraja la Kyaka. Tanzania ikakusanya jeshi la zaidi ya watu 100,000, wakiwamo wanamgambo wa vijijini, na mabasi na malori ya watu binafsi na mashirika yakachukuliwa kwenda kubeba askari. Masaka ikaangukia mikononi mwa Watanzania Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni vita vikaisha. Mkoa wenyewe uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera mwaka ule ule. Huko Kaboya, wilaya ya Muleba, wamelala mamia ya askari waliokufa. Babu alirudi, lakini hakurudi na picha wala medali. Kwa hiyo mjomba alipokua akaliona gari la jeshi pale nyumbani, akaliunganisha na baba yake. Kulipaka kijani kwake kulikuwa ni kumjengea mzee mnara.

Niliwahi kumuuliza, mjomba, lakini hili halikutengenezwa na mtu wa kwetu, wala si gari la vita ile. Akanijibu, "Wewe unafikiri yule mtoto aliona jeshi gani hapa Ngara kama siyo letu?"

Hilo ni swali la haki kabisa, na ndilo tulilokaa nalo. Jeshi letu lilikuwepo mpakani, ni kweli. Lakini magari ya jeshi letu si meupe. Na operesheni ya Desemba 1996, ambayo watoto wa Ngara waliiona kwa macho yao, ilikuja baada ya bibi kulinunua gari. Magari meupe kambini yalikuwa tele, Land Cruiser za mashirika, lakini hizo zina magurudumu manne na madirisha mapana, siyo vidirisha vya kuchungulia. Ni gari gani lililo jeupe, lenye pua ya mtumbwi, la kivita, na lenye magurudumu manane?

Liko. Mwaka 1993 Umoja wa Mataifa ulipeleka Rwanda kikosi cha kulinda amani kilichoitwa UNAMIR. Kikosi hicho kilipewa magari machache ya deraya ya aina ya BTR-80, ambayo si yote yaliyokuwa yanatembea. BTR-80 iliundwa na Warusi iweze pia kuelea majini, ndiyo maana pua yake iko vile, nayo ina magurudumu manane. Yalikuwa yamepakwa rangi nyeupe kama ilivyo desturi ya Umoja wa Mataifa. Mauaji yalianza usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 1994. Tarehe 21 Aprili, watu wakiendelea kuuawa, Baraza la Usalama lilipiga kura kikosi kipunguzwe mpaka watu wapatao 270. Siku saba baadaye daraja la Rusumo likafurika.

Niliposoma hayo damu ilinisisimka, nikataka kukimbilia kuandika kwamba gari letu ni gari la UNAMIR, basi, kesi imekwisha. Mzee fundi ndiye aliyenituliza. Alisema, "Mtoto anaweza kuongeza magurudumu kwa sababu ana ndala nyingi. Anaweza kupaka nyeupe kwa sababu ndiyo rangi aliyoipata." Kweli tupu. Na lile tundu la paani? Mjomba alisema palikuwa na mzinga, na alikuwa tayari kuleta bomba la chuma lichomekwe hapo hapo. Mimi niliona panaweza kuwa pa antena. Bibi, ambaye ndiye pekee aliyeliona gari likiwa zima, alisema hapo palisimama kijiti chenye kitambaa. Kitambaa cha rangi gani, amesahau.

Angalieni basi, wasomaji, kilichokuwa mezani. Tukichomeka bomba, linakuwa gari la kupigana. Tukichomeka waya mrefu, linakuwa gari la misaada. Tukichomeka bendera ya bluu, linakuwa gari la walinzi wa amani walioamriwa kuondoka. Tukilipaka kijani, ni la babu. Kila ukarabati kati ya hiyo ungependeza, na kila mmoja ungemsemea kijana ambaye hayupo kutukanusha.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice, Italia, wakaandika mkataba wao, na katika mambo waliyokubaliana ni kwamba ukarabati unapaswa kukoma pale kubahatisha kunapoanza, na kwamba sehemu mpya itambulikane kuwa ni mpya. Pale pale Biharamulo liko boma la Mjerumani, linatazamana na swali lile lile. Wabelgiji waliuteka mji ule Juni 1916, Waingereza wakaja kutawala, na mwaka 1961 likawa letu. Anayelikarabati alirudishe kwa nani kati ya hao?

Mfano mkubwa kuliko wote, hata hivyo, unaelea kusini mwetu, katika ziwa Tanganyika. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku 5,000, ikaletwa mpaka Kigoma na kuungwa upya. Mwaka 1915 ilifungwa mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyozamishwa Rufiji. Baadaye mizinga ilipohitajika vitani kwingine, iliondolewa, na mahali pake ukawekwa mzinga wa mbao wa kumtisha adui. Ndiyo, bwana, mbao! Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, ila kwanza wakazipaka injini grisi nene zisioze. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Hawakuirudishia mzinga, wala wa chuma wala wa mbao. Ikabeba abiria na dagaa, na mwaka 2015 ikawabeba Warundi waliokimbilia Kagunga kuwaleta Kigoma. Mtu angeikarabati leo akaifunga mzinga wa chuma, watalii wangepiga picha sana. Lakini angekuwa ameifuta ile hila ya mbao, na miaka yote ya kubeba watu.

Basi tulikaa kikao, mjomba, bibi, mzee fundi na mimi. Nilitoa hoja yangu: turekebishe kile kinacholifanya gari lisimame na lisiendelee kuoza, tuache mengine. Mjomba alinisikiliza, akamgeukia mama yake. Nilidhani bibi angesema kitu cha vita kitupwe kabisa, maana hajawahi kupenda habari za bunduki. Alisema, "Yule mtoto hakuniuzia jeshi. Aliniuzia kazi yake. Mkipaka rangi, nitakuwa nimenunua nini?"

Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na baba je?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tusingeweza kumnyang'anya kijani chake bila kumpa kitu. Tukakubaliana kwamba habari ya babu iandikwe kivyake, kutoka kinywani mwa bibi na mwa wanamgambo wenzake wawili walio hai: aliondoka lini, alisafirishwa na gari gani, alifika wapi, alirudi na nini. Kurasa kumi na nne zilijaa, na mjomba anazo. Kuna mambo ndani yake ambayo kopo la rangi lisingeyasema kamwe.

Na gari? Paa limenyooshwa, ingawa bado ukilitazama kwa pembeni unaona lilipobonyea. Ubavu wa kushoto una viraka vitatu vya kopo jingine, visivyopakwa chochote, ving'ae kama vilivyo, ili yeyote ajue hivi ni vyetu. Magurudumu mawili ya zamani yamebaki mahali pake. Sita mapya tuliyakata kwenye kandambili za bluu, makusudi yasifanane na yale ya kwanza. Mabaka meupe hayakuguswa. Maandishi ya ndani hayakuguswa. Tundu la paani liko wazi.

Ndani yake tumeweka karatasi kwenye mfuko wa nailoni. Imeandikwa gari lilipatikana vipi na kwa bei gani, nani alilikarabati, tarehe, vipande gani ni vipya, na maneno ya bibi kuhusu kijiti na kitambaa, pamoja na maneno ya mjomba kuhusu mzinga, maana naye ni shahidi. Atakayekuja kujua zaidi yetu atafute mwenyewe, na hatakuwa na kazi ya kukwangua rangi yetu kwanza.

Kwa nini nawaandikia ninyi, mnaotaka kuwa waandishi? Kwa sababu Benaco ya leo ni mji wa biashara wa barabarani. Palipokuwa na mahema pana mashamba na nyumba. Daraja la zamani la Rusumo, lile la mwaka 1994, si hilo wanalopita madereva leo. Jipya lilizinduliwa mwaka 2016. Watu waliokuwa na umri wa kukumbuka wanazeeka, na aliyezaliwa baada ya msafara wa 1996 sasa ana watoto wake. Vitabu vingi kuhusu yale yaliyotokea kwetu vimeandikwa na wageni, kwa lugha za wageni, na si kosa lao. Walikuja, wakauliza, wakaandika. Sisi tuna bibi zetu ndani na hatuulizi.

Tena tukiandika, tuna tabia moja, nami naiona katika hadithi nyingi zinazoletwa na washikaji zangu. Tukikuta tundu, tunachomeka mzinga. Mkimbizi katika hadithi lazima awe malaika au muuaji, askari lazima awe shujaa, mzungu wa misaada lazima awe mwizi. Inapendeza, inasomeka haraka, na inafuta. Mkungu wa ndizi, mama mgonjwa, kitambaa ambacho rangi yake imesahaulika, hivyo tunaviona vidogo mno kuvitia katika hadithi.

Kwa hiyo ukienda likizo kijijini, iwe Ngara, Biharamulo au kwingineko, ulizia kitu kimoja kilichovunjika ambacho hakuna aliyekitupa. Uliza kilikujaje, kwa bei gani, kutoka kwa nani. Andika na jina la anayekusimulia, na tarehe. Wakikujibu watu watatu majibu matatu, andika yote matatu. Rangi itakuwepo dukani siku zote.